Tauni ya 1348: Damascus walifunga pamoja, Strasbourg wakachoma majirani zao. Ugonjwa ulikuwa mmoja!

#1 Mkoba wa Mzee

Wakuu, uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye chai avute kiti.

Juzi kijiweni palizuka ubishi. Jamaa mmoja anashikilia kwamba watu wa kale walikuwa wajinga tu, maradhi yakiingia wao wanatafuta mchawi. Nikamwambia huo usemi wako una mahali pa kupimiwa, kwa sababu kuna majira ambayo ugonjwa ulikuwa ule ule, hofu ile ile, halafu miji miwili ikafanya mambo tofauti kabisa. Ubishi ukahamia kwenye mpira, nikaona niyalete humu.

Mji wa kwanza ni Damascus, Shamu (Syria ya leo), Julai 1348. Shahidi wetu ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Sasa anarudi kutoka India na China, anaikuta Shamu inazika. Naibu wa sultani, Arghun Shah, akatangaza watu wafunge siku tatu na sokoni asionekane mtu akipika chakula mchana. Usiku wa mwisho wakakesha kwenye Msikiti Mkuu, makadhi kwa makabwela, hadi pakakosa pa kuweka mguu. Alfajiri wakatoka kwa miguu mitupu, misahafu mikononi. Mayahudi wakatoka na Taurati yao, Wakristo na Injili yao, wanawake na watoto nyuma, wote wakielekea Msikiti wa Nyayo nje ya mji. Wakalia na kuomba huko mpaka karibu na adhuhuri.

Mji wa pili ni Strasbourg, leo uko Ufaransa mpakani na Ujerumani. Tarehe 14 Februari 1349, Jumamosi. Mayahudi wa mji wanapelekwa makaburini kwao, kumejengwa jukwaa la mbao, wanachomwa moto. Aliyekubali kubatizwa akaachwa. Waliokufa hutajwa kuanzia mamia hadi 2,000. Kosa lao ni kwamba "wametia sumu visimani". Na hapa ndipo ninapotaka msome taratibu: siku ile tauni ilikuwa bado haijaingia Strasbourg. Walichoma watu kwa ajili ya ugonjwa ambao wao wenyewe hawajauona!

Nitarudi na sababu. Kwanza nieleze ugonjwa wenyewe.

#2 Kipanga wa Pwani

Nimeshakaa. Shusha nondo mkuu.

#3 Mkoba wa Mzee

Tauni inaletwa na bakteria *Yersinia pestis*. Makao yake ni panya na wanyama wa jamii yake, anayeisambaza ni kiroboto. Panya akifa, kiroboto anatafuta damu kwingine, na mwingine ndiye wewe uliyelala chini. Ukiumwa naye, mitoki inavimba kinenani, kwapani au shingoni, mingine mikubwa kama yai. Bila dawa, wengi wa wanaougua wanakufa ndani ya wiki. Ikishuka mapafuni ni balaa jingine: mtu anakohoa damu, na sasa inaruka kutoka mtu hadi mtu bila kumsubiri kiroboto. Wataalamu bado wanabishana kama panya peke yao waliweza kuieneza kwa kasi ile ya karne ya 14, au viroboto na chawa wa binadamu nao walichangia.

Kuhusu ilikotoka, kuna makaburi karibu na ziwa Issyk-Kul, Kyrgyzstan, yenye mawe yaliyoandikwa kwa Kisiria kwamba marehemu alikufa kwa "tauni" miaka ya 1338 na 1339. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamekuta vinasaba vya bakteria huyu kwenye meno ya waliozikwa pale. Kutoka huko njia za biashara zikaibeba hadi Bahari Nyeusi, kwenye bandari ya Kaffa iliyokuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Genoa. Mmeshawahi kusikia kisa cha jeshi la Janibeg, mtawala wa Wamongolia, kurusha maiti juu ya ukuta wa Kaffa? Aliyekiandika, Gabriele de' Mussis, alikuwa mtu wa Piacenza, Italia, na hakuwepo vitani. Mimi nakiweka kiporo. Panya hawakuhitaji kombeo, walikuwa na merikebu.

Msimu wa mapukutiko ya 1347 iko Alexandria, Oktoba iko Messina, Sicily. Mwaka 1348 iko Tunis, Cairo, Florence, Avignon, Paris, na kabla ya mwaka kwisha iko London. Ilipotulia kidogo mwaka 1353 Ulaya ilikuwa imepoteza kati ya theluthi na nusu ya watu wake.

Siena, Italia, kulikuwa na mtu anaitwa Agnolo di Tura. Ameandika kwamba alizika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe. Mji huo ulikuwa umeanza kulipanua kanisa kuu liwe kubwa kupita yote. Ujenzi ukasimama, na ule ukuta uliobaki bila paa mpaka leo watalii wanapanda juu yake kupiga picha.

#4 Daktari Mkimya

Mleta mada, kwa upande wa tiba usiwaonee. Waliosoma wakati ule walikuwa na mfumo kamili: Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale, na Kanuni, kitabu cha tiba cha Ibn Sina kilichofundishwa hadi vyuo vya Ulaya. Mwili una vimiminika vinne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mizani ikivurugika unaugua. Hewa iliyooza ikiingia mwilini inavuruga mizani. Kwa hiyo wanatoa damu, wanafukiza ubani na majani yenye harufu nzuri, wanakataza kuoga maji moto kwa sababu yanafungua vinyweleo hewa mbaya ipite. Ukikubali msingi wa nyumba ile, vyumba vyote vinakaa sawa. Tatizo lilikuwa kwenye msingi.

#5 Mkoba wa Mzee

@Daktari Mkimya umenena. Na msingi huo ulipanda hadi mbinguni. Oktoba 1348 mabingwa wa tiba wa chuo cha Paris walimjibu mfalme Philip VI kwamba chanzo cha mbali ni sayari za Zohali, Mushtari na Mirihi kukutana katika buruji ya Ndoo tarehe 20 Machi 1345. Mkutano huo ulivuta mvuke mchafu kutoka ardhini, hewa ikaoza. Usicheke. Walikuwa wanatafuta sababu yenye ukubwa wa kulingana na msiba, na kitu cha kufika kila nchi kwa pamoja kilionekana lazima kiwe juu ya vichwa vya wote.

Nampenda sana Guy de Chauliac, tabibu wa Papa Clement VI kule Avignon, Ufaransa, walikokaa mapapa zama hizo. Alimshauri Papa akae chumbani katikati ya mioto miwili ili hewa isafishwe. Papa akasalimika. Inaelekea joto lile liliwasumbua viroboto, yaani dawa sahihi kwa sababu isiyo sahihi! Lakini ninachompendea Guy ni ukweli wake. Ameandika kwamba kwa matabibu ugonjwa ule ulikuwa hauna faida na ulikuwa aibu, kwamba wengi waliogopa kuwaendea wagonjwa, na yeye mwenyewe hakukimbia kwa kuogopa kuvunjiwa jina. Akaugua, mtoki kinenani, karibu wiki sita wenzake wakijua ni wa kufa. Akapona. Na macho yake yalikuwa makali: alitofautisha aina ya kutema damu inayoua kwa siku tatu na ile ya mitoki inayoua kwa siku tano.

Gentile da Foligno, bingwa mwingine, hakuwa na bahati hiyo. Alikufa Juni 1348 baada ya kuwahudumia wagonjwa.

#6 Bi Chiku wa Mkwajuni

Na wale madaktari wenye barakoa za mdomo wa ndege? Mbona hujawataja kaka?

#7 Mkoba wa Mzee

@Bi Chiku dada yangu, hao si wa zama hizi. Vazi lile ni la karne ya 17. Mtu yeyote anayekuwekea picha ya mdomo wa ndege juu ya habari za 1348 amekosea kwa karibu miaka 300.

#8 Ustadhi Mwembeni

Assalaam aleikum. Mtoa mada, umefika Damascus ukaiacha hadithi yenyewe. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikitokea katika nchi mliyomo msitoke kuikimbia. Sayyidna Umar alipogeuza njia asiingie Shamu wakati wa tauni ya Amwas, karne ya saba, jemadari wake Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Akajibu: tunaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Abu Ubayda akabaki na watu wake, tauni ikamchukua. Na anayekufa kwa tauni akiwa na subira ana ujira wa shahidi. Ndiyo maana huwezi kumtafuta mchawi: maiti ameheshimika, hajalogwa.

#9 Mkoba wa Mzee

Waaleikum salaam Ustadhi. Shukrani, hapo ndipo nilipokuwa nakwenda. Lakini fundisho hilo lilikuwa na ubishi ndani yake, na wabishi ni wanazuoni wenyewe. Wengi walisema hakuna uambukizo kwa tabia yake, kila mtu anapigwa na amri ya Mungu moja kwa moja. Kule Granada, Hispania ya Waislamu, Ibn al-Khatib, waziri na tabibu, akasema hapana, macho yanaona. Aliyegusana na mgonjwa anaugua, asiyegusana anasalimika. Nguo, chombo, hata hereni ya sikioni imeingiza kifo nyumbani. Mji wa bandari unakuwa mzima mpaka mgeni ashuke kutoka mahali penye ugonjwa. Akaweka kanuni: dalili ya maandiko ikipingana na kinachothibitishwa na macho, inabidi ifasiriwe upya. Ni maneno mazito kwa mtu wa karne ya 14.

Ibn Hajar al-Asqalani naye, bingwa wa hadithi wa Cairo, aliandika kitabu kizima kuhusu tauni, na mabinti zake mwenyewe walikufa nayo katika mawimbi ya baadaye. Ukisoma mjadala wake kuhusu kama ni majini au hewa, kumbuka anayeandika ni baba aliyezika.

#10 Kipanga wa Pwani

Sawa, lakini mkuu usituuzie mbuzi kwenye gunia. Unataka kusema Waislamu walikuwa watakatifu na Wakristo wauaji? Misri mwaka 1354 Wakopti, Wakristo wa huko, walifanyiwa nini? Makanisa yalivunjwa, watu wakasilimishwa kwa nguvu.

#11 Mkoba wa Mzee

@Kipanga umenikamata vizuri, na nakubali. 1354 ilitokea na ilikuwa mbaya, chini ya dola ile ile ya Mamluki iliyotawala Damascus. Tofauti ninayoiona ni kwamba Wakopti hawakushtakiwa kuleta tauni. Chuki ilikuwepo kote kuwili. Swali ni kama chuki ilipewa ufunguo wa kuingilia kupitia ugonjwa.

Na upande wa Ulaya, Papa huyo huyo wa mioto miwili alitoa hati mwaka 1348 kuwakinga Mayahudi. Hoja yake ilikuwa ya kimahakama: wao wenyewe wanakufa kwa tauni, na tauni inaua hata mahali ambapo hakuna Myahudi hata mmoja. Sasa sumu kaiweka nani? Kwake Avignon Mayahudi walisalimika. Kwa hiyo si dini ya Kikristo kwa ujumla wake iliyowasha moto.

Sasa Strasbourg. Uvumi wa visima ulianzia upande wa Savoy, nchi ya milima ya Alpi, ambako mwaka 1348 Mayahudi waliteswa hadi "wakakiri", na maandishi ya kukiri yakasambazwa mji kwa mji kama zile jumbe za kusambazwa za siku hizi. Basel walichoma Januari 1349. Baraza la Strasbourg lilikataa. Viongozi wake walisema hawajaona kosa. Ndipo vyama vya mafundi, vikisukumwa pia na makabaila waliokuwa na hesabu zao, wakalipindua baraza mwanzoni mwa Februari. Baraza jipya halikumaliza wiki kabla ya kuwasha moto. Baada ya moto, madeni yote waliyodaiwa watu na Mayahudi yakafutwa, dhamana zikarudishwa kwa wenyewe, fedha taslimu zikagawanywa. Mwandishi wa habari za mji ule, Mkristo, ameandika bila kumung'unya kwamba fedha ndiyo sumu iliyowaua Mayahudi.

Hilo ndilo jibu langu kwa yule jamaa wa kijiweni. Waliochoma walijua kuhesabu.

#12 Bi Chiku wa Mkwajuni

Mwili umenisisimka. Na kanisa lenyewe, watu waliendelea kuliamini?

#13 Mkoba wa Mzee

Dada, hapa nitakaa kidogo.

Mtu wa wakati ule hakuogopa kifo kama alivyoogopa kufa bila kitubio na mpako. Anayekwenda kukupa ni padri, na padri anayeingia kila nyumba yenye mgonjwa ndiye anayekufa mwanzo. Rejista za maaskofu wa Uingereza zinaonyesha kwamba mapadri wa parokia wapatao wanne au zaidi katika kila kumi walikufa. Kwa hiyo Januari 1349 Ralph wa Shrewsbury, askofu wa Bath na Wells, akatoa waraka wa kushangaza: asiyempata padri aungame kwa mtu yeyote, hata asiye na daraja, na ikibidi, hata kwa mwanamke. Fikiria miaka mia kadhaa ya kufundishwa kwamba mlango ni mmoja na mwenye ufunguo ni mmoja, halafu barua moja inakwambia jirani yako Maria anaweza kukufungulia.

Askofu mwenyewe alikuwa amejituliza kwenye nyumba yake ya Wiveliscombe, mbali na miji. Desemba alipojitokeza Yeovil kusali misa ya shukrani, watu wakamzingira kanisani kwa silaha mpaka usiku. Naona walikuwa na lao moyoni.

Waliosalia wakajua bei yao. Mwaka 1350 askofu mkuu wa Canterbury, Simon Islip, alilalamika kwamba mapadri wanakataa parokia kwa malipo ya zamani, wanakimbilia kusalia roho za marehemu matajiri. Nafasi zikajazwa haraka na wajane waliofiwa na wake zao, wengine kusoma kwenyewe kwa kubabaisha. Askofu wa Norwich akaanzisha chuo Cambridge mwaka 1350, Trinity Hall, ili kuziba pengo.

Na kukazuka wale wa mijeledi. Makundi ya watu wanatembea mji hadi mji siku 33 na nusu, moja kwa kila mwaka wa maisha ya Yesu, wakijichapa hadharani kwa mikanda yenye vyuma mpaka damu. Walianza na nyimbo na toba, watu wakiwapokea kwa machozi. Baadaye wakaanza kusamehe dhambi wao kwa wao, bila padri. Hapo ndipo Clement VI alipowapiga marufuku, Oktoba 1349. Damu haikumuudhi sana Papa, ufunguo ndio uliomuudhi.

Kwa hiyo dada, imani haikupungua. Watu walitoa sadaka zaidi, walijenga makanisa madogo zaidi ya kuombea wafu, walimtafuta zaidi Mtakatifu Sebastiani na Bikira Maria. Walichopunguza ni kumngoja mtu wa katikati.

#14 Nguli wa Kijiwe

Ngoja nami nichangie upande wa tumbo. Watu wakipungua nusu, ardhi haipungui. Kibarua anakuwa lulu. Uingereza serikali ikatoka mbio na amri ya 1349 na sheria ya 1351: ujira ubaki kama wa kabla ya tauni, na mwenye nguvu chini ya miaka 60 asikatae kazi. Mnafikiri walitii? Mabwana wenyewe waliiba vibarua wa wenzao usiku kwa kuwaongezea posho. Mvutano ukaendelea, mpaka 1381 wakulima wakaingia London na kumkata kichwa askofu mkuu Simon Sudbury, aliyekuwa pia chansela, waziri wa juu wa mfalme.

#15 Mkoba wa Mzee

@Nguli hapo kodi ya kichwa nayo ilichangia sana, lakini nakubaliana nawe. Niongeze jambo moja la tiba lililobaki mpaka leo: tarehe 27 Julai 1377 mji wa Ragusa, ndio Dubrovnik ya sasa, uliamuru wanaotoka sehemu zenye tauni wakae pembeni siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye zikawa 40, na "arobaini" ya Kiitalia ndiyo iliyotupa neno karantini. Hawakujua kiroboto wala bakteria. Walihesabu siku tu, kama wafanyabiashara.

#16 Mlalo Juu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi nimekulia milima ya Usambara, Lushoto. Huku tauni haikuwa historia, ilianza 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini. Tukiwa wadogo tulikatazwa kulala chini, na ukiona panya amekufa ndani hugusi, unamwita mkubwa. Bibi yangu alikuwa akiona panya wawili wamekufa anahamisha vitanda nje siku hiyo hiyo, na hakuwahi kusoma darasa moja. Tofauti yetu na hao wa Siena ni sindano ya streptomaisini tu.

#17 Daktari Mkimya

@Mlalo Juu kweli kabisa. Ikiwahiwa inatibika kwa antibayotiki za kawaida. Ituri kule Kongo bado inajitokeza, na Madagaska mwaka 2017 walipata wagonjwa zaidi ya 2,000, wengi wao wa aina ya mapafu. Bibi yako alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko bila cheti.

#18 Ustadhi Mwembeni

Mtoa mada, funga na Ibn Battuta. Yeye alisalimika?

#19 Mkoba wa Mzee

Alisalimika, Ustadhi, lakini sikiliza alivyosalimika. Damascus hiyo hiyo ndipo alipokuwa amemwacha mke mjamzito zaidi ya miaka ishirini nyuma. Aliporudi 1348 aliuliza habari za mwanawe, akaambiwa amekufa miaka 12 iliyopita. Akakutana na mtu wa kwao Tangier, akamuuliza habari za baba yake, akaambiwa amefariki miaka 15 iliyopita, ila mama yu hai. Akapita Misri, ambako anasema Cairo ilikuwa inapoteza watu 24,000 kwa siku, hesabu ambayo wanahistoria wanaona imepanda mno, lakini hofu iliyoizaa ni ya kweli. Akahiji, akashika njia ya nyumbani. Mwishoni mwa 1349, akiwa ameshaingia Morocco, amebakiza siku chache tu, akapata habari kwamba tauni imemchukua mama.

Akaenda kwanza Fez kwa sultani, kisha Tangier, akazuru kaburi.